Ada pekee haimtoi fundi wa vyuma: ombi kwa wanaofadhili mafunzo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wale wanaotoa ufadhili kwa vijana wanaosomea ufundi wa vyuma, yaani wachomeleaji, wakerezaji, mafundi bati na mafundi mitambo. Sisi ni wakufunzi na mafundi wa karakana. Tunafurahi kuona kampuni, mashirika na hata watu binafsi wakiuona ufundi huu kuwa ni masomo yanayostahili kufadhiliwa. Kinachotusumbua ni jinsi fedha zenyewe zinavyopangwa. Fomu nyingi za ufadhili zimenakiliwa kutoka zile za chuo kikuu: ada, malazi, vitabu, posho kidogo. Mwanafunzi wa sheria akilipiwa hayo, anasoma. Mwanafunzi wa uchomeleaji akilipiwa hayo hayo, anaweza kumaliza muhula mzima akiwa benchi la karakana, akisubiri zamu ambayo haifiki kwa sababu vijiti vya kuchomelea vimekwisha.

Ufundi wa vyuma unajifunzwa kwa kula vyuma, vijiti, gesi, umeme na mawe ya grainda. Vitu hivyo haviazimwi maktaba, na vikishatumika havirudi. Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wabadilishe swali. Badala ya kuuliza "Ada ni kiasi gani?", waulize "Mwanafunzi huyu atapata saa ngapi za moto kuwaka mkononi mwake, na saa hizo zinahitaji kilo ngapi za nini?"

Tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapofichika. Kijiti cha kawaida cha mafunzo kina unene wa mm 3.2 na urefu wa mm 350. Kikichomwa kwa ampea zinazokifaa, kati ya 90 na 130, huisha kwa dakika moja na sekunde chache, na kipande cha mwisho cha kama mm 50 hutupwa kwa sababu ndicho kilichoshikwa na koleo. Pakiti ya kilo tano ina vijiti 140 hadi 160 hivi, kutegemea aina. Maana yake ni kwamba pakiti nzima ni chini kidogo ya saa tatu za moto. Ukiigawa kwa darasa la wanafunzi 20, kila mmoja anapata vijiti saba, yaani dakika nane. Kwa dakika nane mtu hawezi hata kujua mkono wake unatetemeka wapi. Sasa chukua lengo la kiasi tu, saa 80 za moto kwa mwanafunzi mmoja katika mafunzo yote. Hizo ni pakiti 28, takriban kilo 140 za vijiti, kwa mtu mmoja, bado hatujataja bamba hata moja. Mfadhili anayeona kiasi hicho kwa mara ya kwanza hushtuka. Ni heri ashtuke wakati wa kupanga bajeti kuliko kuja kushangaa baadaye kwamba kijana aliyemlipia hakupata kazi.

Vijiti vikiwa haba, hasara haiishii kwenye muda. Mkufunzi analazimika kufundisha mkao mmoja tu, bamba likiwa limelala mezani, kwa sababu ndio mkao usiopoteza. Chuma kilichoyeyuka kinatulia chenyewe, mshono unapendeza, picha inapigwa na kutumwa kwa mfadhili. Lakini kazi nyingi za kweli hazilali mezani. Nguzo imesimama, boriti iko juu ya kichwa, bomba limepita ukutani na upande wa nyuma huuoni. Mkao wa wima kwenda juu unataka mikono mingine kabisa: unapunguza ampea kidogo, unaushika moto mfupi, unatulia pembeni kushoto, unavuka katikati haraka, unatulia kulia. Ukikawia katikati, chuma kinatumbukia mbele na kuning'inia kama tumbo. Ukiharakisha pembeni, unaacha mfereji kando ya mshono, na mfereji huo ndipo ufa utakapoanzia siku mzigo ukija. Hayo hayaelezeki ubaoni yakaeleweka. Mkono unayajua baada ya kukosea mara nyingi, na kila kosa linakula kijiti.

Mfano mmoja tuutazame kwa karibu, wa kipande cha mtihani wa bamba wima. Unachukua mabamba mawili ya unene wa mm 12, kila moja mm 150 kwa 300. Hayo mawili yana uzito wa kilo nane na nusu. Kingo zinazokutana zinakatwa mshazari wa nyuzi 30 kila upande, zikibakizwa na uso mnyoofu wa kama mm 1.5 chini. Yanawekwa yakiachana mm 3, yanashikizwa kwa mishono mifupi kwenye ncha zote mbili, kisha yanasimamishwa. Kuujaza mfereji huo kunahitaji vijiti 12 hadi 15. Kwa hiyo pakiti ya kilo tano inatosha vipande kumi tu vya mazoezi, na kumi havitoshi kumfanya mtu aaminike katika mkao huo.

Na hapo kuna mambo manne yanayowaangusha vijana wengi. La kwanza, mishono ya kushikizia ni dhaifu au mifupi mno. Mshono wa kwanza ukianza kupoa unavuta mabamba, nafasi ya mm 3 inajifunga kuwa mm 1, na moto haufiki tena nyuma. La pili, ampea ni ndogo kwa kuogopa kutoboa, chuma kinaketi juu ya kingo bila kushikana nazo. Kwa macho kinaonekana kizima. La tatu, gamba la juu, yaani utando wa kijiti ulioyeyuka na kuganda juu ya mshono, halikusafishwa hadi mwisho kati ya mshono na mshono. Linabaki kwenye kona, linafunikwa, na likishafunikwa hakuna brashi itakayolifikia. Hapo inafaa grainda na jiwe jembamba, si nyundo peke yake. La nne ni pale kijiti kinapoisha na kingine kinapoanza. Mwanafunzi asiyefundishwa kuusaga ule mwisho uwe mteremko kabla ya kuwasha tena huacha tundu hapo, na vipande vingi vinavyofeli huvunjikia hapo hapo.

Kipimo chenyewe hakina huruma. Kipande kinakatwa vipande vyembamba, navyo vinakunjwa kwenye mashine, vingine uso ukiwa nje na vingine mgongo ukiwa nje. Ufa ukifunguka zaidi ya mm 3, umefeli. Tunawaomba wafadhili wadai kipimo hiki kifanywe wakati wa mafunzo, mara tatu au nne, wala wasisubiri mtihani wa mwisho. Chuo kisicho na mashine ya kukunjia kinaweza kuitengeneza kwa jeki ya majimaji na fremu ya boriti nzito. Ni kazi nzuri ya darasa la mwaka wa pili. Kinaweza pia kukata mshono, kuulainisha kwa msasa mpaka ung'ae, na kuupaka tindikali ya naitriki iliyochanganywa kidogo sana ndani ya alkoholi. Mpaka kati ya chuma cha kijiti na chuma cha bamba unajitokeza wazi, na mwanafunzi anaona mwenyewe pale ambapo havikushikana. Tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya alkoholi, kidogo kidogo, mkufunzi akiwapo, wala isihifadhiwe kwenye chupa iliyokazwa kifuniko.

Gharama ya mabamba inapunguzika bila kuharibu mafunzo. Kwa mazoezi ya kawaida bamba la upana wa mm 75 linatosha. Likishachomelewa, unakata pembeni mwa mshono, unatengeneza kingo mpya, unalitumia tena mpaka liwe jembamba mno. Mabaki kutoka viwanda vya kukata vyuma yanafaa, mradi aina ya chuma ijulikane. Bamba jembamba linapata moto haraka, kwa hiyo lazima lipumzike kati ya mshono na mshono. Kulitumbukiza majini ili kuokoa muda kunafundisha tabia mbaya, na kwa chuma chenye kaboni nyingi kunakifanya kigumu na chepesi kupasuka. Tungependa mikataba ya ufadhili iseme "kilo kadhaa za bamba safi kwa vipimo, kilo kadhaa za mabaki kwa mazoezi", kuliko kuandika "vifaa" kisha kuweka tarakimu moja.

Tuzungumzie pia msaada unaotolewa kwa nia njema halafu ukaharibika. Mfadhili anasikia kwamba vijiti vya aina ya E7018 ndivyo vinavyotumika kwenye kazi za miundo na mitambo, ananunua shehena, anaikabidhi chuo. Ni kweli ndivyo vinavyotumika. Tarakimu zake zenyewe zinasema: 70 ni nguvu ya pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, 1 ni kwamba vinafaa mikao yote, na 8 ni aina ya utando wa nje wenye haidrojeni kidogo. Lakini utando huo hunyonya unyevu wa hewa. Pakiti ikifunguliwa, vijiti vinatakiwa kukaa kwenye tanuri dogo lenye nyuzi 120 za Selsiasi au zaidi, na visikae nje ya joto zaidi ya saa nne. Vikilowa, maji yanavunjika ndani ya moto, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kupoa na mkaguzi kuondoka. Kuvikausha upya kunataka nyuzi 260 hadi 430 kwa saa mbili, kazi ambayo tanuri la kutunzia haliwezi. Kwa hiyo anayenunua E7018 anunue na tanuri, au akubaliane na chuo zije pakiti chache kila mwezi zikiwa zimezibwa. Kwa wanaoanza, E6013 haina masharti hayo mazito, moto wake ni rahisi kuuwasha, na inatosha miezi ya mwanzo.

Ukerezaji una hesabu yake tofauti. Kule kinachopungua ni saa za mashine kuliko malighafi. Chuo chenye mashine mbili za kukereza na saa 30 za vitendo kwa wiki kina saa 60 za mashine. Ukiingiza wanafunzi 30, kila mmoja ana saa mbili kwa wiki, na humo ndani kuna kufunga kazi, kupima na kusafisha. Mfadhili anayeongeza wanafunzi kumi bila kuuliza idadi ya mashine zinazofanya kazi amewapunguzia wote. Tunasisitiza zinazofanya kazi, kwa sababu mashine iliyosimama kwa kukosa mkanda au gia moja huwa bado imo kwenye orodha ya mali. Wakati mwingine ufadhili bora kuliko wote ni kulipia vipuri na fundi wa kufufua mashine tatu zilizolala. Zitawahudumia wanafunzi kwa miaka.

Mkerezaji naye anahitaji vikatio vyake. Vikatio vya HSS, yaani chuma maalumu kinachostahimili joto la kukata, ni bora kuanzia, kwa kuwa mwanafunzi anajifunza kuvinoa mwenyewe na kuelewa pembe zake. Lakini huungua, kwa kosa moja linalojirudia. Mizunguko ya mashine kwa dakika hupatikana kwa kuzidisha kasi ya kukata kwa 1,000, kisha kugawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kazi. Chuma laini na HSS, kasi ya mita 25 kwa dakika: kazi ya kipenyo cha mm 50 inataka mizunguko karibu 160. Kazi ya mm 10 inataka karibu 800. Mwanafunzi akitoka kwenye kazi nyembamba akafunga nene bila kubadili gia, ncha ya kikatio inageuka rangi ya buluu na kufa papo hapo. Kila mwanafunzi apewe vikatio vinne au vitano, asivyoazima kwa mwenzake, na jiwe la kunolea liwe zima. Apewe pia maikromita ya mm 0 hadi 25 na kalipa yenye kusoma mm 0.02. Darasa linaloshirikiana kalipa moja iliyoanguka sakafuni mara kadhaa linafundishwa uongo, maana kila mtu anapata kipimo chake.

Kuhusu zana za mkono, msimamo wetu ni kwamba sanduku la zana litolewe mwezi wa kwanza. Tunajua wafadhili wengi hupenda kulikabidhi siku ya mahafali, mbele ya kamera. Wakati huo mwanafunzi amekwisha kupitia mafunzo yote akiazima. Sanduku lenyewe si kubwa: tupa bapa mbili za mm 250, moja ya kukwangua na moja laini, tupa ya nusu duara, fremu ya msumeno wa chuma na nyembe za meno 18, 24 na 32 kwa inchi, rula ya chuma ya mm 300, guniya, kalamu ya chuma ya kuchorea, panchi, nyundo ya gramu 500, patasi ya chuma, brashi ya waya, nyundo ya kubandulia magamba. Nyembe tatu tofauti si anasa. Wembe wa msumeno unatakiwa uwe na angalau meno matatu juu ya chuma kwa wakati mmoja. Ukikatia bati jembamba kwa meno 18, yananasa na kung'oka. Kila zana igongwe namba ya mwanafunzi, na sanduku liwe lake akihitimu. Mtu hutunza kilicho chake.

Kisha kinga. Hapa hatutaki mazungumzo ya kupunguza. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, lile la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Miale isiyoonekana ya moto wa kuchomelea imo kundi hilo hilo. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii moshi huu. Inatakiwa ile ya kuchuja chembe ndogo za hewani, ya daraja la FFP2 au zaidi, inayobana uso vizuri, pamoja na hewa inayovuta moshi utoke usoni kabla haujamfikia anayechomelea. Mabati yaliyopakwa zinki yasagwe zinki hiyo pale pa kuchomelea. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka jioni ile ile, na vijana huidhania malaria. Kioo cha kinyago kiwe namba 10 au 11 kwa kijiti cha mm 3.2. Nguo ziwe za pamba au ngozi. Nailoni inayeyuka na kushikamana na mwili.

Wasichana wanaojiunga na fani hizi wanaongezeka, nasi tunawakaribisha kwa mikono miwili. Lakini glavu, viatu na makoti vinavyonunuliwa kwa jumla huja kwa saizi ya mwanaume mkubwa. Glavu iliyozidi kidole inamfanya asishike koleo vizuri, na kiatu kikubwa kinateleza kwenye ngazi. Halafu inasemwa kwamba kazi imemshinda. Fomu ya ufadhili iwe na mistari mitatu ya kuandika saizi: ya mkono, ya mguu, ya koti. Haigharimu kitu.

Grainda inahitaji aya yake, maana ndiyo inayojeruhi watu karakana nyingi. Grainda ndogo ya jiwe la mm 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Jiwe kubwa la mm 230 limetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6,650 hivi, ili ukingo wake usipite mita 80 kwa sekunde. Mtu akivua kinga ya grainda ndogo na kufunga jiwe kubwa "ili lidumu", ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na jiwe linaweza kupasuka usoni pake. Sababu ya watu kufanya hivyo mara nyingi ni moja: mawe madogo yamekwisha na hakuna fungu la kununua mengine. Mfadhili anayelipia mawe ya saizi sahihi, ya kukatia na ya kusagia, analipia macho ya watu.

Namna ya kuchagua wanufaika nayo irekebishwe. Alama za darasani zina maana yake, hasa hisabati, kwa kuwa fundi anakutana na sehemu, pembe na maeneo kila siku. Insha ya "kwa nini nastahili" inampima mwandishi. Tunapendekeza jaribio la nusu siku, bila gharama kubwa: kila mwombaji apewe kipande cha chuma laini cha mm 60 kwa 60, unene mm 10, jiliwa, tupa na guniya, aonyeshwe kwa dakika 15, kisha anyooshe kingo mbili ziwe mraba. Haijalishi sana kama hakufika. Tazama kama anapima kabla ya kukwangua, kama anarudi kuangalia mwanga chini ya guniya, kama baada ya saa mbili bado anajali. Kisha apimwe macho ya karibu. Kijana anayehitaji miwani apewe miwani, asikataliwe. Wako wanaolaumiwa kwa mishono iliyopinda, kumbe hawauoni mstari wanaoufuata.

Fedha zitolewe vipi? Ada iende chuoni moja kwa moja, na posho ya nauli na chakula iende kwa mwanafunzi kila mwezi, kwa sababu wengi huacha mafunzo kwa kukosa nauli, hasa wakiwa kwenye mafunzo ya kazini mbali na chuo. Vitu vinavyotumika, yaani vijiti, bamba, gesi na mawe, vitolewe kwa idadi na uzito, vikiandikwa kwenye daftari la stoo kwa jina la mwanafunzi anayevichukua. Awamu ya pili isitoke kwa ripoti ya kurasa kumi. Itoke kwa vipande: mwanafunzi alete kipande kilichogongwa namba yake, kilichokatwa na kukunjwa, cha mkao uliokubaliwa. Kama kimefeli, kinasema amefeli wapi, na mkufunzi anajua afundishe nini. Asinyimwe awamu kwa kufeli mara moja. Anyimwe kwa kutoleta kipande.

Mwisho wa mafunzo kuna gharama ambayo karibu wafadhili wote huisahau, nayo ni mtihani wa umahiri unaotambulika viwandani. Cheti cha chuo ni kitu kimoja. Cheti cha mchomeleaji kwa kiwango cha ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, ni kingine, na mwajiri wa mabomba au miundo anataka hicho cha pili. Kina mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, unene wa kipande cha mtihani huamua unene wa kazi utakazoruhusiwa. Mshono wa kuunganisha kingo wa mm 10 unakuruhusu mm 3 hadi 20. Ukifanyia mtihani mm 12, kwa tabaka tatu au zaidi, unaruhusiwa kuanzia mm 3 kwenda juu bila kikomo. Tofauti ya gharama ni kipande kidogo cha bamba na vijiti vichache. Hatuoni sababu ya kumpeleka mwanafunzi wa ufadhili kwenye mtihani wa mm 10. Pili, sifa hiyo lazima ithibitishwe kila miezi sita na mwajiri au msimamizi kwamba mtu bado anachomelea kwa njia ile ile. Mhitimu aliyekaa nyumbani miezi saba akitafuta kazi ana karatasi tu. Kwa hiyo mtihani upangwe karibu na kuajiriwa, au karakana ya chuo ifunguliwe kwa wahitimu siku moja moja ili wachomelee mbele ya msimamizi wakati wanatafuta kazi. Na fungu la kurudia mtihani mara moja liwemo tangu mwanzo.

Haya hayajabuniwa na sisi. Ujerumani, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, iliyoandikwa upya mwaka 2005, inamtaka mwajiri anayemfundisha mwanagenzi ampe bure zana, malighafi na vitabu, pamoja na vile vinavyohitajika kwenye mtihani. Mkerezaji wa huko hufundishwa miaka mitatu na nusu na hulipwa muda wote huo. Si kila mfadhili ana uwezo wa nchi tajiri. Lakini kanuni ya kwamba malighafi ni sehemu ya mafunzo, na kwamba si mzigo wa mwanafunzi, haihitaji utajiri. Ikibidi kuchagua kati ya kuwafadhili wanafunzi 20 kwa ada tupu na wanane kwa ukamilifu, tunasema wanane. Tunajua uamuzi huo unauma, kwa kuwa kuna kumi na wawili wanaobaki nje, na hata hivyo hatuoni namna ya kumtazama kijana aliyepoteza miaka miwili kwa dakika nane za moto.

Kwa wanaoandaa matangazo ya ufadhili ya mwaka ujao, tunaomba yachapwe ndani ya tangazo lenyewe, ili mwombaji na mzazi wake wayasome kabla ya kusaini: saa za moto au za mashine kwa kila mwanafunzi, kilo za vijiti na za bamba, orodha ya sanduku la zana na mwezi litakapotolewa, aina ya kinga, mkao na unene wa kipande cha mtihani wa mwisho, na nani analipia kuurudia. Chuo nacho kiandike idadi ya mashine zinazofanya kazi siku ya kusaini. Tuko tayari kumsaidia mfadhili yeyote, wa ndani au wa nje, kupiga hesabu hizo kwa fani anayoitaka, bila malipo.

Ni sisi,
Wakufunzi na mafundi wa karakana za vyuma